Riveti Nne za Shaba

Wamelipaka trekta rangi nyekundu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona nilipofika kwenye matanga ya Papa Donat, kabla sijamsalimia mjane, kabla sijapata hata kiti cha plastiki cha kukalia. Lilikuwa limesimama pembeni ya turubai, linang'aa, limefungwa riboni nyeupe kwenye taa, na vijana walikuwa wanapigana picha mbele yake. Nilitaka kupiga kelele. Nina miaka karibu sitini, nimefundisha watoto wa watu sekondari miaka thelathini, namna ya kujizuia ninaijua; lakini siku ile machozi yalinitoka palepale, watu wakaona ninamlilia marehemu, na ukweli ni kwamba nilianza kwa kuililia rangi. "Tantine, iko muzuri, hapana?" akaniuliza Trésor, mjukuu wake mkubwa, mikono bado ina nyekundu kwenye kucha. "Tuliipaka juu ya kumuheshimia nkambo." Nikamwambia iko muzuri. Ningesema nini? Kijana aliipaka kwa mapenzi. Ni mimi tu niliyebaki, nafikiri, katika Lubumbashi nzima, ninayejua kwa majina kipi juu ya trekta lile ni cha kuzaliwa na kipi ni cha kuolewa, maana Papa Donat alinifundisha chuma baada ya chuma, mwaka ule chuo kilipofungwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tuliambiwa turudi nyumbani tukangoje tangazo la redio, na mimi si mtu wa kungoja redio. Katika parokia yetu kulikuwa na mama mmoja aliyeuza mahindi ya ushirika wa wakulima, nje ya mji, barabara ya kwenda Kasenga. Akaniambia kuna wazee kule wanatafuta mtu wa kuwaandikia Kifaransa cha ofisini, wanalisha na wanalaza. Nikafunga nguo zangu. Leo mahali pale mji umepameza, ni mtaa wa Annexe, nyumba zimebanana, mbao za kuchaji simu, makanisa ya maturubai. Wakati ule yalikuwa mahindi na vichuguu, vile vichuguu vyetu vikubwa kama nyumba, ambavyo hata trekta huvizunguka. Nilipewa chumba nyuma ya jiko la Mama Mado, mke wa Papa Donat, na Papa Donat ndiye alikuwa fundi na dereva wa trekta la ushirika. Chumba kilikuwa na kitanda, msumari mmoja wa kutundikia nguo, na magunia ya mbegu ambayo panya waliyafahamu kuliko mimi. Ukuta kati yangu na jiko haukufika juu, kwa hiyo moshi wa mbabula, lile jiko la makaa, harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na maneno yote ya nyumba ile vilinifikia bila kupiga hodi. Jiko lenyewe Mama Mado alilibandika karatasi kwa uji wa muhogo ili masizi yasishike matofali: magazeti, kalenda, kurasa za vitabu, zingine juu chini, zote zimekuwa kahawia kwa moshi. Nilikula nikiziangalia miezi saba. Nilikuwa naziangalia tu, sikuzisoma, na hilo nalikiri mapema.

Shida ya wazee ilikuwa hii. Mwenye shamba wa zamani, alipoondoka nchini, aliwaachia wafanyakazi wake barua ya ukurasa mmoja yenye sahihi na muhuri: anawapa wafanyakazi wa trekta lenye nambari inayoishia na 417 shamba wanalolilima nalo. Basi. Hakuna ramani, hakuna mipaka, hakuna jina la mto. Lakini ng'ambo ya kijito mwenye shamba huyohuyo alikuwa na shamba jingine na trekta jingine, la kiwanda kilekile na umri uleule, na hilo lilikuwa limekwisha kufa zamani. Miaka ikapita, shamba la jirani likanunuliwa na tajiri mmoja wa mjini. Nitamwita Bwana Fernand. Si jina lake, maana na watoto wake bado tunasali pamoja. Siku moja Bwana Fernand alikuja kusalimia, akalizunguka trekta la ushirika, akainama, akasoma kibati cha nambari kilichopigwa riveti chini ya usukani, akacheka. Kibati kilisema 583. Akaenda moja kwa moja ofisini: trekta la kwenye barua lilikuwa la upande wake, alisema, kwa hiyo barua haiwahusu wale wazee, na ardhi wanayoilima hawakupewa na mtu. Ofisi ikajibu kwamba kiangazi kikiisha itamtuma agronome, bwana shamba wa serikali, alikague trekta kwa macho yake. Akikuta ni 417, wazee wabaki. Akikuta ni 583, familia thelathini zifunge mizigo. Ndipo waliponiita niandike daftari zima la alama za trekta, ili agronome akija akute ushahidi umejaa.

"Plake hayiko trekta," Papa Donat aliniambia asubuhi ya kwanza, bila hata kungoja nimwambie kwamba ninaitwa Odile. "Plake ni plake. Trekta, ni miye njo naijua. Kamata bic, etidia, andika." Plake ni kibati, na etidia, mwanafunzi wa chuo, ndiye mimi. Alikuwa mtu mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili wake, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, na hasira za karibu. Spana alizisoma, vitabu hakuvisoma; hata kitabu cha trekta, aliniambia, kililiwa na mchwa zamani. Kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa alizitambua kwa kuzitupia jicho, lakini ukimpa karatasi aliishika kama mwanamume aliyeshikishwa kichanga cha watu. Na kwa habari ya chuma, ushirika mzima ulimwamini. Mwenyekiti mwenyewe, mzee aliyeitunza barua ndani ya kopo la maziwa ya unga, alinitoa wasiwasi: Donat akisema ni ileile, ni ileile.

Kazi ilikwenda hivi. Anagusa kwa mgongo wa mkono, anagonga kwa spana, anasikiliza, kisha anatoa hukumu. Kwake vyuma vilikuwa vya namna mbili: vile trekta lilivyotoka navyo kiwandani aliviita vya kuzaliwa, na vile vilivyokuja baadaye aliviita vya kuolewa. "Usukani?" ninauliza. "Ya kuolewa. Ilitokaka ku kamiyo. Ya kuzaliwa ilikuwa na mikono ine, hii iko na tatu. Andika." Nikaandika: usukani wa lori. Kiti? Cha kuzaliwa, nihesabu matundu ya kupitishia maji ya mvua, yawe kumi na mawili. Nikahesabu, kumi na mawili. Madigadi nilidhani ni mapacha. Akanipa spana, akaniambia nigonge. La kushoto lilijibu kwa sauti nzito, la kulia lilipiga kelele ya sufuria. "Wasikia? Ile ya kuume ni mutoto ya bantu bengine." Matanki mawili, dogo la petroli ya kuliamshia na kubwa la mafuta ya taa ya kufanyia kazi, yote ya kuzaliwa, isipokuwa kifuniko cha lile dogo, ambacho kilikuwa cha chupa ya kachumbari. Boliti za kiwandani zilikuwa na herufi ndogo kichwani, na zile za sokoni zilikuwa na kipara. Nilijifunza kuzitambua kwa kidole nimefumba macho, na nilijivunia hilo kuliko mitihani yangu yote ya mwaka wa kwanza. Saa sita nilirudi jikoni nimejaa grisi mpaka kwenye viwiko, na Mama Mado, akigeuza bukari, ugali wetu, ananichokoza: "Weye mutoto, ile trekta unaijua kupita bwana yako." Ninamwambia sina bwana. "Eh! Njo maana."

Kitu kimoja tu kilitushinda, nacho ni rangi. Papa Donat aliapa kwamba trekta lile lilikuja la kijivu, kijivu cha wingu la mvua, na kwamba lile la ng'ambo lilikuja la bluu. Hapo nilirukaruka: tukikuta kijivu chini, tumeshinda, nambari iseme inavyotaka! Nikachukua wembe, nikakwaruza bonneti, madigadi, chini ya kiti, ndani ya rimu. Machungwa, chini yake kijani, chini ya kijani chuma kitupu. Mwenye shamba wa zamani alikuwa amelisugua lote kwa msasa kabla ya kulipaka kijani. Nilikwaruza mahali zaidi ya ishirini, kijivu hakikuonekana hata chembe. "Ilikuwa kijivu," Papa Donat alirudia, na kwa mara ya kwanza niliona wasiwasi usoni mwake. Nikaanza kumshuku kidogo, nisiseme uongo. Nilikuwa na umri ule ambao mtu akikosea kimoja unamhesabia amekosea vyote.

Na ukuta usiofika juu ulikuwa unanisaidia kushuku. Jioni, ninapopanga kurasa zangu, nilikuwa nawasikia. "Donat, sema," anasema Mama Mado. "Nitasema namna gani?" "Na kinywa." Halafu mwiko kwenye sufuria. Siku nyingine: "Mwansa ni ndugu yangu miye, na miye nasema useme." Mwansa nilimjua kwa jina tu. Alikuwa kaka yake Mama Mado, mtu wa Kasomeno, dereva wa lile trekta la ng'ambo enzi zake, rafiki ya Papa Donat toka ujana. Ndiye aliyemleta nyumbani akamwonyesha dada. Alikuwa amezikwa karibu na kijito, kaburi la simenti, na kila tulipopita pale na trekta Papa Donat alipunguza moto akavua kofia. Nilidhani ni huzuni ya kawaida.

Mwezi wa sita, baridi ile yetu ya asubuhi inayotoa moshi mdomoni, nilikaa kukisafisha kibati chenyewe. Nilitaka kuinakili nambari vizuri, herufi zote, hata jina la kiwanda. Nikakisugua kwa kitambaa na mafuta ya taa. Kibati kikatoka cheupe, na pembe zake nne zikatoka nyekundu. Nikasugua tena. Riveti zilikuwa za shaba. Sasa, mimi kwa miezi kadhaa nilikuwa nimezigusa riveti zote za trekta lile, na zote zilikuwa za chuma, zina vichwa vya mviringo vilivyolingana. Hizi nne zilikuwa za waya mnene wa shaba, waya wa hapahapa kwetu Katanga, zimepigwa kwa nyundo na mkono wa mtu. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu mbele ya darasa. Saa sita, tukiwa kwenye bukari na tomson, yule samaki wa friji, nikasema kwa sauti: "Papa, nimepata kingine. Hata plake yenyewe ni ya kuolewa!"

Papa Donat aliacha tonge mkononi. Mama Mado akaondoka jikoni na sahani yake, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Nilikaa nimejisikia mjinga, maana nilitegemea sifa. Akanawa mikono polepole, akakaa kwenye kigoda, na ndipo akanieleza. "Mwansa alikufaka mwezi wa tatu," alisema. "Trekta yake ikakufa mwezi wa ine. Hakuna fundi aliweza kuiamusha. Bakaikata, kila muntu akabeba kipande. Miye nilibeba ile kyuma ya kuwekea muguu, na plake." Kwetu mtu akifa jina lake haliachwi chini. Anatafutwa mmoja wa ukoo, anakalishwa mkekani, anapewa maji na jina, na kuanzia siku ile watu wanamwita kama walivyomwita marehemu. Tunaita kupyanika. Lakini Mwansa hakuacha mtoto wala mdogo wa kiume, na siku ya matanga wazee walitazamana, hakupatikana wa kumkalisha. "Sasa nilipyanika trekta," alisema Papa Donat. Alisema bila aibu, nadhani hata leo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyosikia kwa mtu. Alikitoa kibati cha trekta letu, akakipiga pale kile cha Mwansa kwa waya wa shaba. Na kile chetu, kile cha 417, siku ya kumwaga simenti ya kaburi alikizamisha ndani ya simenti, upande wa kichwa. "Juu Mwansa ajue ni nani anavaa jina yake." Halafu akaniangalia. "Miye sikujua kama ile namba siku moja itasema. Kwangu ilikuwa jina."

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia wazee tangu mwanzo. Akanionyesha kwa kidevu upande wa kijito. "Nikisema, Fernand atasema tuvunje kaburi, tuone. Nikinyamaza, bantu batafukuzwa juu yangu." Nami, mtoto wa chuo, mjuaji, tumbo limejaa bukari yao, nilimwambia neno ambalo mpaka leo likinijia usiku ninageuka upande wa pili. Nilimwambia: "Papa, umetuuza." Alivaa kofia akatoka. Toka siku ile tuliendelea na kazi, yeye akigonga, mimi nikiandika, lakini ule ukurasa wa kibati niliuacha mtupu. Etidia hakuniita tena. Aliniita "mademwazeli", kama mgeni.

Agronome alikuja vumbi likiwa limeanza kunusa mvua. Mtu mwembamba, mstaarabu, mwavuli chini ya kwapa, viatu vimepigwa rangi. Bwana Fernand alikuja nyuma yake na gari lake, na ushirika mzima ulikuwa umesimama toka asubuhi, wanawake wamevaa vitenge vya Jumapili. Nikamkabidhi agronome daftari langu. Alilisoma kwa heshima, ukurasa kwa ukurasa, akahesabu na yale matundu kumi na mawili. Kisha akainama kwenye kibati, akasoma kwa sauti: tano, nane, tatu. "Daftari hili halisemi kitu juu ya kibati," aliniambia. Nilimwangalia Papa Donat. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba asiposema yeye nitasema mimi, na pale pale nilijua sitaweza. Ndipo akavua kofia yake ya sufu. Kichwa kilikuwa cheupe pe. Miezi yote ile sikukiona vizuri. Akasimama mbele ya watu akaeleza yote, Mwansa, kupyanika, simenti, hakuruka neno. Aliyepiga kelele ni mke wa mwenyekiti: "Donat! Weye? Weye njo umetufanya hivi?" Wanaume walimgeuzia mgongo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Bwana Fernand akasema, taratibu, hata kwa upole, kwamba maneno ni maneno. Basi twende kaburini, tuchukue nyundo, tuone. Mama Mado akajitupa katikati. "Nyundo ya kwanza mutaipiga ku kichwa yangu miye," alisema. Agronome akainua mwavuli. Alisema ametoka mjini alfajiri, kama kuna chochote cha kula tule kwanza, halafu ataamua. Mpaka leo namwombea mtu yule.

Mgeni wa ofisi kwetu hapigi muhuri na njaa, kwa hiyo kuku na wali vilikuwa motoni. Nilikwenda jikoni kupakua. Mama Mado hakuweza, alikuwa amekaa chini uani, na mimi ndiye niliyesimama mahali pake mbele ya mbabula, mahali ambapo sikuwahi kusimama, uso kwa uso na ukuta. Kwenye urefu wa macho yangu kulikuwa na mchoro umebandikwa juu chini. Nilipinda shingo. Kiti chenye matundu kumi na mawili. Madigadi. Matanki mawili. Mungu wangu! Kilikuwa kitabu cha trekta, kile ambacho Papa Donat alinihakikishia kililiwa na mchwa, au ukurasa wake mmoja, umeshikwa na uji wa muhogo miaka mingi. Nikaupangusa masizi kwa upindo wa kitenge, nikasoma kwa kichwa kilichopinda, Kifaransa cha kiwandani, mstari wa mwisho chini ya mchoro: nambari ya trekta, mbali na ile ya kibati, imegongwa pia ndani ya chuma chenyewe cha gia, upande wa kushoto, chini ya mguu wa dereva. Niliuacha wali uungue. Niliubandua ukurasa na vipande vya ukuta, nikatoka mbio mwiko bado mkononi.

Chini ya mguu wa kushoto wa dereva palikuwa na kile chuma cha kuwekea mguu, kile cha Mwansa, kilichofungwa juu ya ile nyumba ya gia kwa boliti nne za kipara. Papa Donat alizifungua mwenyewe. Spana ilimponyoka mara mbili, na mara ya pili niliiokota mimi nikamrudishia, hatukutazamana. Chini yake grisi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama tofali. Tukaimwagia mafuta ya taa, Mama Mado akaleta kisu chake cha kumenyea muhogo, na agronome, viatu vyake vile, akapiga magoti. Alikwaruza, akapangusa na leso yake mwenyewe. Akapitisha kidole. "Ine," akasema. "Moja. Saba." Akamwita Bwana Fernand asome na yeye. Bwana Fernand alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akasema ana mkutano mjini. Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku waliobaki wakakimbilia mahindini. Papa Donat hakushangilia. Alikaa chini, akaegemeza kichwa kwenye gurudumu, akalia waziwazi mbele ya watu. "Ilikuwa chini ya muguu yangu," alikuwa anasema. "Miaka yote ile, chini ya muguu yangu."

Kabla ya kuondoka agronome alishauri kibati cha 583 kitolewe, kisije kuleta matata mengine. Papa Donat alikataa, machozi hayajakauka. "Hapana, patron. Ile itatoka siku nitaenda miye mwenyewe kumurudishia Mwansa." Agronome akatikisa kichwa, akapiga muhuri. Shamba likabaki. Lakini watu ni watu. Msimu wote wa mvua uliofuata walimsalimia Papa Donat kwa midomo ya juu, na trela lake, lililozoea kujaa akina mama waimbaji, lilikwenda shambani tupu. Mimi chuo kilipofunguliwa nilipanda kamiyo nikaondoka. Aliniinulia mkono toka juu ya kiti. Neno langu lile sikulifuta. Nilirudi mara nyingi miaka iliyofuata, nikala kwa Mama Mado, nikacheka nao, na kila mara nilijiambia leo nitasema, nikaondoka sijasema. Kila mara aliniita "etidia" tena, hata nilipokuwa mwalimu mwenye mvi, na mimi nikajifanya kwamba hiyo ilitosha.

Sasa ndiyo turudi kwenye matanga na ile rangi nyekundu. Asubuhi ya maziko Mama Mado aliniita. Ni mzee sana, amebaki macho na sauti, lakini sauti ileile. Mkononi alikuwa na patasi na nyundo ndogo ya mumewe. "Alisema ni weye njo utaitoa ile plake," akaniambia. "Miye nikamuuliza, kwa nini Odile? Akasema, ni yeye alionaka riveti." Nilichukua patasi. Ukoo ulisimama nyuma yangu, na vijana na simu zao. Nilipiga magoti kwenye udongo na gauni langu jeusi, nikaweka patasi chini ya riveti ya kwanza. Shaba ni laini. Ilikatika kwa pigo moja. Ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne nilitua patasi nikasema, kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona, maana sikutaka tena kuficha: "Papa, hukutuuza. Nisamehe." Watu walidhani ni sala, wakaitikia amina.

Kibati kilitoka na ganda la nyekundu pembeni. Nikakigeuza nimpe Mama Mado akiweke kwenye jeneza, kati ya mikono ile mikubwa. Kisha nikaangalia pale kilipokuwa. Mwenye shamba wa zamani na msasa wake hakukitoa kibati alipolisugua trekta, alizunguka pembeni. Kwa hiyo chini ya kibati kulikuwa na mraba mdogo, upana wa kiganja, ambao haukuguswa na msasa, wala kijani, wala machungwa, wala nyekundu. Ilikuwa kijivu. Kijivu cha wingu la mvua, mbichi kama juzi. Nilikwaruza mahali zaidi ya ishirini mwaka ule, nikamshuku mzee wa watu, na jibu lilikuwa limekaa chini ya jina la rafiki yake. Trésor alikuja nyuma yangu na kopo lake na brosi, mtoto mwenye adabu, anataka kuziba ile kasoro kabla gari la maiti halijaondoka. "Tantine, sogea kidogo, nipakishe hapa." Nikaweka mkono wangu juu, nikafunika.

"Hapo hapana," nikamwambia. "Hapo ni ya kuzaliwa."